Kwa nini gitaa lenye sauti fupi bado linapendwa?

Mwaka 1937 Freddie Green alijiunga na bendi ya Count Basie, moja ya bendi kubwa za jazz Marekani. Pembeni yake walikaa wapiga tarumbeta, tromboni na saksafoni, halafu piano, besi na drams. Yeye alishika gitaa la mbao tupu. Hakuna waya, hakuna amplifaya. Ukisikiliza rekodi zao unaweza kumaliza wimbo mzima ukijiuliza huyu jamaa yuko wapi, ila wanabendi wenyewe walijua alipo, kwa sababu mapigo yote yalimwegemea yeye.

Hapa kuna maswali mawili. La kwanza ni la fizikia: gitaa lisilo na umeme linapataje nafasi katikati ya kelele ya namna hiyo? La pili ni gumu zaidi. Amplifaya siku hizi ziko kila mahali, hata kanisani na kwenye sherehe za mtaani, sasa kwa nini bado kuna watu wanaolitafuta gitaa la aina hii na kulilipia maelfu ya dola?

Gitaa lenyewe huitwa achitopu. Ili kulielewa, siku ukikaa mbele ya kundi la taarab mtazame mpiga udi, kisha mgeukie mpiga fidla. Udi una uso bapa, na kidaraja kinachoshika nyuzi kimebandikwa kwa gundi juu ya ubao. Fidla uso wake umetuna kama tao, una matundu mawili yenye umbo la herufi f, na kidaraja chake kimesimama tu. Hakina gundi. Kinashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi zinazopita juu yake kwenda kufungwa mkiani. Gitaa la kawaida, lile la kwaya na la ufukweni, kwa ujenzi ni ndugu wa udi. Achitopu ni gitaa lililoamua kuwa fidla.

Wazo la kuchonga uso hivyo liliingia sokoni kupitia Orville Gibson, fundi wa mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan. Mwaka 1898 alipata hataza ya mandolini ya kuchonga. Cha kuchekesha kidogo ni kwamba sababu aliyoitoa haikudumu. Aliamini ubao uliokunjwa kwa nguvu hubaki na mkazo ndani yake na hautetemeki vizuri, hivyo akachonga hata mbavu za ala kutoka kwenye mbao nzima. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1902, na baadaye ikaachana na mbavu za kuchonga, ikawa inazikunja kwa joto kama mafundi wengine. Uso uliochongwa ndio uliobaki. Historia ya teknolojia ina visa vingi vya aina hii: nadharia inakufa, kifaa kinaishi.

Mtu wa pili ni Lloyd Loar, mwanamuziki aliyeajiriwa na kampuni hiyo mwaka 1919. Chini yake, mwaka 1922, likatoka gitaa la L-5. Tundu la duara la katikati likaondolewa, yakaja matundu ya f. Ndani ya shingo ikawekwa fimbo ya chuma inayoweza kukazwa ili shingo isipinde kwa mvuto wa nyuzi. Loar aliondoka mwaka 1924 na hakukaa kuona jinsi L-5 lilivyoteka bendi za jazz.

Sasa fizikia. Kwenye gitaa bapa, nyuzi zinavuta kidaraja kwa mbele, na ubao unapindwa. Kwenye achitopu, nyuzi zinakanyaga kidaraja kwenda chini. Tufanye hesabu ya mfano: nyuzi sita nene zikivuta kwa jumla ya nguvu sawa na uzito wa kilo 80, na zikipinda kwa nyuzi 15 za pembe pale juu ya kidaraja (samahani, Kiswahili kina neno moja kwa vyote viwili), mgandamizo wa chini unakaribia kilo 21. Hiyo ni kama ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, imekaa juu ya ubao wenye unene wa milimita chache. Ubao bapa ungezama. Tao linabeba, kwa sababu ileile inayofanya daraja la mawe lisimame.

Lakini tao lina gharama yake. Ubao uliotuna ni mkakamavu zaidi, hivyo masafa yake makuu ya mtetemo yanapanda juu. Besi inapungua, sauti za kati zinajitokeza. Kwa mtu anayepiga peke yake chumbani hii inaweza kuonekana hasara. Kwenye bendi ni faida tupu, maana huko chini tayari kuna besi na drams, na sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwenye masafa ya kati ya takribani hezi 2,000 na 5,000.

Halafu kuna suala la muda. Uzi ukiguswa unapewa nishati yenye kikomo. Ni kama maji ndani ya pipa: ukitoboa tundu kubwa yanatoka kwa kishindo na kuisha, ukitoboa dogo yanatiririka taratibu. Sauti ya achitopu inaruka haraka na inakufa haraka. Piga kodi, kabla hujavuta pumzi imeshaondoka. Banjo iliyotumiwa na bendi za zamani ilikuwa hivyo hivyo na zaidi, kwa vile uso wake ni ngozi kama ngoma, ila sauti yake ilikuwa kali mno. Achitopu likawa makubaliano mazuri. Wapiga gitaa kama Eddie Lang walipoonyesha kinachowezekana mbele ya maikrofoni za studio, zilizoanza kutumika kurekodi mwaka 1925, banjo ikaanza kuaga.

Baada ya hapo mafundi wakashindana kwa ukubwa. Mwaka 1934 Gibson walitoa Super 400, lenye upana wa inchi 18, yaani karibu sentimita 46. Jina lilitokana na bei, dola 400, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi! Kule Boston, Elmer Stromberg na baba yake walifika inchi 19. Green alipiga gitaa la Stromberg, akainua nyuzi juu sana kutoka kwenye shingo, kiasi kwamba mpiga gitaa wa leo angelirudisha dukani. Mara nyingi katika kodi aliyoshika ulisikika uzi mmoja tu, hasa wa nne. Alikuwa na pipa dogo la nishati na hakulimwaga ovyo.

Mashindano hayo yalikuwa yanaelekea ukingoni. Mwaka 1936 lilitoka ES-150, achitopu lenye pikapu (siyo gari, ni sumaku na koili ya waya chini ya nyuzi), kwa karibu dola 150 pamoja na amplifaya yake. Mwaka 1939 Charlie Christian akaingia nalo kwenye kundi la Benny Goodman, na gitaa likaanza kupiga solo kama saksafoni. Kwa mantiki ya kawaida achitopu la kuchonga lilipaswa kufa hapo. Tatizo lake la kutosikika limetatuliwa, na dawa haihitaji tao wala inchi 18.

Tena kukawa na tatizo jipya. Umeshasikia maiki ikipiga mluzi ikisogezwa karibu na spika. Ubao mwepesi unaotikiswa kirahisi, ambao ni sifa kwa gitaa lisilo na umeme, unatikiswa pia na spika, na mluzi unaanza. Mwaka 1949 Gibson wakaja na ES-175, ambalo uso wake haukuchongwa bali ni tabaka za mbao zilizogandamizwa. Kwa lugha ya mtaani, plaiwudi. Walitengeneza ubao mzito usiotikisika ovyo, yaani ubao mbaya kwa makusudi, na mimi naona huo ndio uamuzi wa kijanja kuliko yote katika historia hii. Jim Hall na Joe Pass walipiga ES-175, na sauti yake kavu, ya joto, isiyoning'inia, ikawa ndiyo sauti ambayo wengi wetu tukisikia tunasema "hii ni jazz". Ile kasoro ya kufa haraka haikuwa tena gharama ya kusikika. Watu walikuwa wameizoea, wakaitaka. Noti fupi inaacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo mpiga gitaa anaweza kusukuma kodi nyingine, na nyingine, bila uji wa sauti kujaa.

Je, wanaonunua magitaa ya kuchonga wananunua sauti hiyo? Sehemu tu. John D'Angelico alifungua karakana New York mwaka 1932 na hadi kifo chake mwaka 1964 alitengeneza magitaa zaidi ya 1,100, yeye na wasaidizi wachache. Mwenye nalo ana kipande cha mkono wa mtu. Hapo masikio yetu si mashahidi wa kutegemewa: mwaka 2012 lilichapishwa jaribio la Claudia Fritz na wenzake ambapo wapiga fidla 21, wakiwa wamevaa miwani ya giza, walilinganisha fidla mpya na za kale za mamilioni ya dola. Iliyokataliwa zaidi ilikuwa Stradivari. Sioni kwa nini magitaa yangekuwa na kinga.

Kisichohitaji miwani ya giza ni ule ufupi wa noti. Huo uko kwenye la D'Angelico na uko kwenye plaiwudi. Green aliutumia kwa miaka 50 ndani ya bendi ileile, bila amplifaya, hadi alipofariki Machi 1987.