Bathybius haeckelii

Bathybius haeckelii ni kiumbe ambaye hakuwahi kuwapo. Kati ya mwaka 1868 na 1875 wanasayansi kadhaa wa Ulaya waliamini kwamba sakafu ya bahari kuu imetandwa na ute hai, nao wakaupa jina hilo. Ute wenyewe ulikuwa salfeti ya kalsiamu, chumvi ileile inayounda fuwele za jasi.

Chanzo ni tope lililochotwa mwaka 1857 katika Atlantiki ya Kaskazini na HMS Cyclops, meli ya Uingereza iliyokuwa ikipima kina ili kulaza waya wa telegrafu. Tope hilo lilihifadhiwa ndani ya spiriti. Mwaka 1868 mwanabiolojia wa Uingereza Thomas Henry Huxley alilichunguza upya kwa hadubini kali zaidi, akaona madonge ya ute angavu yaliyonasa visahani vidogo vya chokaa viitwavyo kokolithi. Akaamini ni protoplazima, yaani ute hai, na visahani ni sehemu ya mwili wake. Jina lilimuenzi Ernst Haeckel wa Ujerumani, aliyefundisha kwamba uhai ulianza kama ute usio na umbo. Naye aliupokea ugunduzi huo kwa mikono miwili.

Msafara wa utafiti wa bahari wa meli Challenger (1872–1876) uliutafuta ute huo katika tope bichi, lakini haukuuona. Ute ulijitokeza tu kwenye chupa zilizotiwa spiriti. Mkemia wa msafara, John Young Buchanan, alikausha maji ya kilindini na kuyachoma masalia yake: kama yangekuwa na ute hai, yangegeuka meusi kama makaa. Hayakugeuka. Kumbe spiriti kali ikichanganyika na maji ya bahari, salfeti ya kalsiamu hushindwa kubaki imeyeyuka. Hujitenga kama utando laini na kung'ang'ania chembe za tope. Utando huo hushika hata rangi ya kamini, ambayo wanabiolojia huitumia kutia rangi tishu, kwa hiyo jicho la mtaalamu hodari lilikuwa na kila sababu ya kudanganyika.

Kiongozi wa msafara, Charles Wyville Thomson, alimwandikia Huxley kuhusu matokeo hayo mwaka 1875. Huxley hakungoja kubanwa: mwaka huohuo alitoa habari hiyo katika jarida la Nature na kulibeba kosa mwenyewe, uungwana unaostahili kukumbukwa kuliko kosa lenyewe. Haeckel aliendelea kumtetea Bathybius kwa miaka kadhaa.

Kokolithi, hata hivyo, ni za kweli. Ni magamba ya mwani mdogo sana uishio karibu na uso wa bahari, penye mwanga wa jua. Mwani ukifa, magamba huzama hadi topeni.