Nondo Mwenye Taya

Ukimshika yule nondo anayezunguka taa ya baraza usiku, vidole hubaki na unga. Unga huo ni magamba ya mabawa yake. Mtazame kichwani, mara nyingi utaona mrija mwembamba uliojiviringisha kama ukili. Huo ndio mdomo wake wa kufyonzea. Nondo wa jenasi Sabatinca naye ana magamba, ila mrija hana. Ana taya, na chakula chake hukitafuna.

Sabatinca ni wa familia ya Micropterigidae. Leo jenasi hii hupatikana mahali pawili tu duniani, Nyuzilandi na Kaledonia Mpya, ingawa ndugu zao wa familia wako hata Afrika Kusini. Francis Walker ndiye aliyeipa jina mwaka 1863, akianzia na Sabatinca incongruella wa Nyuzilandi. Mabawa yakitandazwa, upana wake ni kama sentimita moja. Wengi hung'aa kama dhahabu au fedha, kichwani nywele zimesimama timtim, na wakitua mabawa hukaa mfano wa paa la nyumba.

Wapo wanaowaita nondo duni. Neno hilo silipendi. Nasaba yao iliachana na nondo wengine kabla ya mrija kutokea, basi wakabaki na vifaa vya mababu, navyo vinafanya kazi barabara. Taya hutafuna chavua ya maua, au lile vumbi la kahawia lililo chini ya majani ya makangaga, yaani spora. Ndani ya kinywa mna kijifuko chenye vimiiba vya kusagia, kinu hasa. Hata bundo ana taya kubwa, na kwa taya hizo huchana kifukofuko chake atoke. Mambo haya yalimfanya Algernon Chapman, mwaka 1917, apendekeze kundi hili litengwe kabisa na nondo na vipepeo, liwe oda yake peke yake. Pendekezo hilo halikudumu: magamba yale yale yanawarudisha nyumbani.

Kiwavi ndiye anayeeleza kwa nini msitu wenye unyevu hauna mbadala. Huko Nyuzilandi hula livawoti, vimea vya kijani visivyo na maua wala mizizi ya kweli, vinavyotanda juu ya magogo, mawe na kingo za vijito. Livawoti nyingi za namna hiyo hazivumilii ukavu. Miti mikubwa ikikatwa, jua likipiga chini, zulia hilo hukauka, na kiwavi hana pa kuhamia; ni mdogo na mwendo wake ni wa taratibu.

Ukale wao si wa kukisia. Ndani ya kaharabu ya Myanmar, yenye umri wa miaka milioni 99 hivi, amepatikana mmoja anayehesabiwa katika jenasi hii hii, Sabatinca perveta. Kaharabu ya Lebanoni ina jamaa yao mkongwe zaidi, Parasabatinca. Dinosaria walikuwa bado wanatembea.

Huko Kaledonia Mpya kuna jambo lililoandikwa na wanasayansi mwaka 1985 ambalo kwangu linapita yote. Nondo hawa hukusanyika ndani ya maua ya Zygogynum, miti ya ukoo wa kale sana, wakala chavua na kupandana humo humo. Wakihama, huenda na chavua mwilini hadi ua jingine. Ua ni ukumbi wa karamu na wa harusi kwa pamoja, na mti hupata uchavushaji wake bila kutoa hata tone la nekta.

Anayetaka kuwaona asitegemee taa ya usiku, maana huruka mchana. Aende majira ya kuchipua, achuchumae kando ya kijito panapopenya mwale wa jua, atazame majani ya makangaga. Kidoa cha dhahabu kikikimbia kwa miguu badala ya kuruka, huenda ndiye.