Posti, bafle na televizio mu saloni za Lubumbashi

Mwezi wa nane uliopita kuran ilipotea kwetu Katuba siku mbili, na siku ya kurudi ikarudi na nguvu ya ajabu. Televizio ya mama ilitoa moshi kidogo nyuma, ikanyamaza. Tukaitana kwa kikao: yaya, mimi, na mdogo wetu wa mwisho anayekaa Kolwezi. Swali lilikuwa dogo: tununue televizio gani, na zile bafle mbili za marehemu baba tufanye nazo nini? Nilidhani ni shauri la dakika tano. Lilichukua siku tatu, na watu karibu wagombane. Mdogo alitaka chombo kikubwa kinene kwa bei. Yaya alitaka sauti ya kufika mpaka ku barabara. Mama alisema neno moja tu: "Mie minataka kusikia maneno. Makelele iko mingi ku inje."

Mimi nafundisha historia. Nikasikiliza hayo mabishano, nikaona kama kila mmoja alikuwa anaongea kutoka zamani fulani ya mji huu, bila kujua.

Chombo cha kwanza cha kusikiliza nyumbani kilikuwa fonografu ya kuzungusha kwa mkono. Tangu 1933 kampuni moja ya Uingereza ilianza kutoa disiki za mfululizo wa GV, nyimbo za Kuba, na hizo ziliingia Kongo nzima kupitia maduka ya wageni. Kisha disiki za kwetu zikafuata: nyumba ya Ngoma ilianza Léopoldville mwaka 1948, Loningisa mwaka 1950. Disiki ilizunguka mara 78 kwa dakika, ikaimba karibu dakika 3 kila upande, na sindano ya chuma ilichoka haraka. Maana yake ni nini? Mwenye fonografu hakukaa. Alisimama, akazungusha, akageuza, akabadilisha sindano. Alikuwa mtumishi wa wageni wake, na kwa ile kazi alipata heshima. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu mwenye kukusanya muziki wa Afrika, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akarekodi gitaa yake. Hapo mtoto wa Katanga akaanza kutoka ndani ya sanduku lile lile lililokuwa linaleta Havana.

Posti ya redio ilikuja na mambo mengine. Hapa lazima tukumbuke jambo ambalo vijana hawaamini. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliweka karatasi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza ile ya kuandikishwa, ili Mwafrika fulani ahesabiwe "evolué". Kabla ya kupewa, wachunguzi walifika nyumbani. Walitazama saloni, meza, namna ya kula, vyumba vya watoto. Kiti na kitambaa viligeuka kuwa mtihani! Nasema hivi kwa sababu tukimcheka mtu anayenunua televizio kubwa kuliko ukuta wake, tunasahau kama baba zake walifundishwa kwa nguvu kwamba saloni ni cheti cha utu.

Ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, walichagua njia nyingine. Harry Franklin, mkubwa wa habari kule Lusaka, alitafuta redio ambayo mchimba madini ataweza kuinunua. Mwaka 1949 ikatoka posti ya pile iliyofungwa ndani ya umbo la sufuria ya aluminiamu, rangi ya buluu, bei pauni 5. Watu wakaiita sufuria. Na Lusaka iliongea kiBemba, lugha ambayo nyumba nyingi za Lubumbashi zinasikia vizuri. Mawimbi hayaombi paspoti.

Halafu 1960. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai, na posti ikawa chombo cha woga. Tarehe 13 Februari 1961 serikali ya Katanga ilitangaza kama Lumumba alikuwa ametoroka na kuuawa na wanakijiji. Ukweli ni kwamba alipigwa risasi tarehe 17 Januari, karibu na mji wetu. Nkambo alituambia kama wakati ule watu walijua kupunguza sauti mpaka sikio lishike kitambaa cha posti. Naona historia ya kusikiliza haipimwi kwa ukubwa wa sauti tu. Inapimwa pia kwa ule mkono unaopunguza.

Televizio ya taifa ilizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Sisi watoto wa miaka ya 80 tulikuta tayari iko kabatini, kabati lenye mlango na kufuli, na ufunguo mfukoni mwa baba. Kila jioni kabla ya habari Mobutu alishuka kutoka mawinguni. Majirani waliangalia kwa dirisha, watoto wao wakikaa chini mbele yetu, na mama hakuweza kumfukuza hata mmoja. Siku ya tamthilia ya kundi la Mufwankolo, kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi, hata mwenye nyumba alikosa kiti. Watu walicheka maneno. Sauti ya chombo ilikuwa ndogo sana, lakini kila mtu alisikia, kwa sababu watu walinyamaza.

Bafle za baba zilizaliwa wakati huo. Alinunua zile koni za karatasi peke yake, seremala wa Kamalondo akamtengenezea masanduku ya mbao nene, ndani wakajaza blanketi kuukuu. Wanafunzi huniuliza sanduku ni la nini. Koni ikisukuma hewa mbele, wakati ule ule inavuta nyuma. Bila ukuta kati yao, hizo pepo mbili zinakutana na kuuana, na sauti nene ya besi inapotea. Neno lenyewe bafle, tulilolipata kwa Wafaransa ambao nao walilitoa kwa Waingereza, lilikuwa jina la huo ubao wa kutenganisha, hapana la chombo chote. Seremala yule hakusoma fizikia, lakini alipiga ubao kwa kidole, akatikisa kichwa, akatafuta mwingine mzito zaidi.

Miaka ya 90 sitaisema mingi. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, shaba ikashuka, mwaka 1991 ukaja uporaji. Niliona mtu anakimbia na bafle moja kichwani, bila ampli. Angefanya nini na bafle moja?

Tukaingia mwaka 2003, wakati wafanyakazi 10 655 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Watu wamewasema sana, eti walikula feza kwa televizio. Baba mudogo alikuwa mmoja wao. Alinunua televizio nzuri kutoka lori la kusini, akaita jamaa, akafungua. Mtangazaji wa habari akatokea bila rangi, akafungua mdomo, kimya! Sababu iko hivi: Kongo ilifuata mtindo wa rangi wa Wafaransa, SECAM, na sauti yake ilibebwa megahertzi 6,5 juu ya picha. Afrika ya Kusini, ambayo ilifungua televizio mwaka 1976 tu, ilifuata PAL, na sauti yake ni megahertzi 6. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kule peke yake hakikujua kutafuta sauti yetu pale ilipo. Baba mudogo alifungua redio kando, basi mtangazaji akawa anaonyesha mkutano wa mawaziri huku redio inaongea mpira. Tulicheka mpaka alikasirika. Baadaye fundi mmoja alibadilisha kakipande kadogo ka kuchuja sauti, mambo yakatengenea. Mimi siwezi kumlaumu. Alitumika miaka 26, akataka saloni iseme kama alitumika.

Turudi kwa kikao chetu. Tulipima saloni ya mama: kutoka kiti chake mpaka ukuta ni mita 3. Televizio ya inchi 43, yaani sentimita 109 kwa ulalo, inatosha. Ile ya 65 haikuwa ya lazima. Mdogo hakufurahi. Lakini hizi televizio za leo zimekonda sana, visemeo vyake vimefichwa chini au nyuma, vinaongea na ukuta. Kwa sikio la mwenye miaka 74, besi inabaki na maneno yanapotea. Hapo bafle za baba zikapata wakili.

Ku duka tulionyeshwa kwanza hom sinema yenye maandishi makubwa kwa katoni: wati 3 000. Nikageuza chombo, nikasoma nyuma: kinakula wati 60 tu kutoka ukutani. Chombo hakiwezi kutoa siku nzima kuliko kinachokula, na hiyo nimewafundisha hata wanafunzi wa mwaka wa pili. Bafle za baba zimeandikwa ohmi 8, ampli yake inakubali kutoka 4 mpaka 8, kwa hiyo ziko sawa. (Wenye baa wanaounganisha bafle nne za namna ile kwa pembeni kwa njia moja wanashuka mpaka ohmi 2, kisha wanalia ampli imeungua.) Shida ilikuwa mlango. Ampli ya zamani ina matundu mawili, jekundu na jeupe. Televizio mingi mipya inatoa sauti kwa HDMI au kwa mwangaza tu. Tuliacha mbili nzuri, tukachukua ya tatu, ya bei ndogo, kwa sababu ilikuwa na tundu la kasike, na waya wa kutoka pale mpaka ampli haugharimu kitu. Feza iliyobaki ikanunua stabilizateri. Ile moshi ilitufundisha.

Tulizielekeza bafle kwa kiti cha mama. Jioni ya kwanza mdogo alitafuta kwa simu mchezo wa zamani wa Mufwankolo. Mama alicheka mbele yetu wote, maana alilisikia neno kabla sisi hatujamaliza kuelewana.

Jumapili jirani wa mbele akaja kusalimia. Enzi za baba, kila Jumapili bafle moja iliwekwa dirishani, na barabara nzima ilifua nguo kwa muziki wake. Akauliza: "Mama, bafle ya mzee ilikufa?"

"Hapana," mama akajibu. "Sasa inaongea na siye."

Jirani alikunywa chai, akaenda. Yaya hakusema kitu. Lakini mchana, mama alipolala, nilisikia anasukuma bafle ya kushoto, polepole, kuelekea dirisha.