Unataka kuchukua mbwa asiye na mwenyewe? Uliza kwanza karti ya chanjo

Katika miji yetu ya Kivu, mbwa wengi hawanunuliwi. Mpangaji anahama, anamwacha mbwa kwenye lupango. Mtoto anaokota kidogo kimoja pembeni ya soko, anakiingiza chini ya shati, na jioni mama anakuta mgeni jikoni. Nyumba za kupokea mbwa waliotupwa ni chache sana kwetu. Sauvons nos Animaux, shirika la Bukavu, linajulikana kwa kuokota mbwa na paka wa namna hiyo. Kwingine mtu anamtoa mbwa njiani moja kwa moja. Kuko tofauti: shirika linaweza kukuambia mbwa alitoka wapi na alipigwa sindano gani. Njia haisemi kitu.

Juu ya hiyo, swali la kwanza si kama mbwa ni mkali ao ni mzuri. Swali ni chanjo ya kichaa cha mbwa, ule ugonjwa wengi wanaita raje. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba unaua watu karibu 59 000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, kupona ni karibu haiwezekani. Na mbwa anaweza kubeba virusi wiki kadhaa, hata miezi, akila vizuri na kutikisa mkia. "Huyu iko mupole, angalia macho yake": hapana, macho hayaonyeshi kitu.

Ukionyeshwa karti, isome. Inapashwa kuwa na tarehe ya sindano, jina la chanjo, namba yake na sahihi ya daktari wa wanyama. Uliza pia chanjo ilikaa wapi mbele ya kupigwa, maana inataka baridi ya digri 2 hadi 8, na umeme wetu tunaujua. Kichupa kilichozunguka sokoni ndani ya mfuko wa mtu ni maji tu. Kama hakuna karti, hesabu kwamba mbwa hajachanjwa, hata mwenye kukupa akiapa. Mtoto wa mbwa anachanjwa akifika miezi 3, kisha anarudiliwa kila mwaka ao kama daktari alivyoandika. Daktari atampa pia dawa ya minyoo, juu minyoo ya mbwa inaingia kwa watoto wanaochezea udongo.

Sindano ya leo hailindi leo. Inachukua karibu mwezi, na kama virusi vilikuwa tayari mwilini, inaweza kuchelewa. Kwa hiyo wiki za kwanza mgeni akae mahali pake, na mtoto asiachwe naye peke yake. Siku za mwanzo mbwa wengi wanajificha, hawakuli, wananguruma ukisogea. Mwache. Usialike jirani waje kumwona, usimwogeshe kwa nguvu. Mwekee maji, fufu na vichwa vya sambaza, saa ileile kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka na kumchoma tumboni. Kamba ya shingo ipitishe vidole viwili chini yake, na kwa mbwa mchanga uilegeze kila wiki, juu shingo inakua na kamba haikui.

Wengine watakucheka kwamba umeleta "mbwa wa njiani" badala ya mbwa wa kizungu. Wakumbushe basenji: mbwa huyo anayetafutwa sana Ulaya na Marekani ametoka kwetu, katika misitu ya Kongo.

Na akiuma mtu? Hapa ndipo watu wanapotea. Wanampiga mbwa mpaka anakufa, wanamtupa, kisha wanatafuta jiwe jeusi ao pilipili. Osha kidonda palepale kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, hata kama ni mkwaruzo tu. Kisha nenda hospitali siku ileile kwa chanjo ya mtu. Usingoje kuona mbwa atakuwa namna gani. Mbwa akionekana mzima, afungwe vizuri na achungwe siku 10. Akiishi bila dalili mpaka mwisho wa siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate wakati alipouma, na muganga anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ukimuua na kumtupa, umetupa jibu hilo. Akibadilika (anadondosha mate, anashindwa kumeza, anauma hata mawe), usimguse, ita daktari wa wanyama.

Jike anabeba mimba siku kama 63, anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kama hutaki kuwa wewe mwenye kutupa vitoto sokoni, zungumza na daktari kuhusu kumfunga uzazi.

Bakia swali la kuhama. Mwezi wa 5 mwaka 2021, kisha mlima Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya Goma iliambiwa itoke kwa haraka, wengi kwa miguu kuelekea Sake. Siku kama hiyo hakuna anayetafuta kamba. Itundike karibu na mlango, weka karti pamoja na vyeti vya watoto, na mpatane mapema na ndugu ao jirani mmoja anayeweza kumpokea.