Ufupi katika Uandishi wa Habari wa Pwani ya Kenya

Madhumuni ya insha hii ni kuuchunguza ufupi kama sifa ya uandishi wa habari na utamaduni katika pwani ya Kenya. Siku hizi msomaji wa Adu, katika eneo la Magarini kaskazini ya Mto Sabaki, aweza kusoma katika simu yake makala za aya mbili au tatu juu ya siasa, mazao na ngoma. Wako wanaodai kwamba ufupi huo ni zao la intaneti na ni dalili ya kudhoofika kwa fikra. Historia haiungi mkono dai hilo.

Mwaka 1930, mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alianza kutoa As-Sahifa, waraka mdogo wa kila wiki. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliathiriwa na Al-Manar, jarida lililoasisiwa Cairo mwaka 1898 na kuongozwa na Rashid Rida. Lakini Sheikh Al-Amin hakuwakusudia wanazuoni peke yao. Alimwandikia mtu wa kawaida. Kwa hiyo kila insha ilishika jambo moja tu, kama vile elimu ya watoto, israfu za arusi au kuwaiga Wazungu pasipo kupima, na ikalitolea hoja mpaka mwisho.

Tarehe hizo zina uzito wa kilugha pia. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Mwaka huo huo Sheikh Al-Amin akawa anaandika kwa Kimvita. Lahaja hiyo ilikwisha kusifika kwa mashairi ya Muyaka bin Haji. Yeye aliithibitisha kuwa ni lugha ya nathari yenye hoja. Ufupi, basi, haukuipunguzia lugha uwezo wake, bali uliudhihirisha.

Hata hivyo, waraka wa wiki hupotea upesi. Insha za As-Sahifa zimetufikia kwa sababu zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, na mwaka 2017 zikatolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Pasingekuwa na mkusanyaji, tungalisimulia tu kwamba ziliwahi kuwako.

Hapo ndipo penye hatari ya leo. Makala ya intaneti yaweza kufutwa siku moja, nayo ikaondoka na neno la mkulima, la mvuvi au la mcheza ngoma ambalo halijapata kuingia katika kamusi yoyote. Wachunguzi wa lugha wasishughulike kuulaumu ufupi. Kazi iliyo mbele yao ni kuuliza mambo mawili: je, makala hiyo ina hoja? Na je, ni nani anayeihifadhi?