Michoro Iliyochorwa Ikwaruzwe

Mwaka 1985, katika mji wa Santa Cruz ulio pwani ya California, Jim Phillips alichora mkono wa buluu uliokatwa kwenye kifundo. Vidole vimejikunja kwa uchungu, na katikati ya kiganja pana mdomo uliopanuka, meno na ulimi vyote nje, unapiga ukelele. Mchoro huo ulikuwa wa kutangaza magurudumu ya skeitibodi. Leo uko kwenye fulana, kofia na stika kila pembe ya dunia, na wengi wanaouvaa hawajawahi kulisikia jina la aliyeuchora. Wachoraji wa skeitibodi wameacha alama kubwa kwenye macho ya vijana wa vizazi vitatu, na historia yao inastahili kusimuliwa kwa majina.

Hapo mwanzo hapakuwa na mchoro wa kuzungumzia. Katika miaka ya 1950 watoto wa California walipigilia magurudumu ya viatu vya kuteleza chini ya kipande cha ubao, basi. Hata kampuni zilipoanza kuuza mbao hizo miaka ya 1960, nembo ilikaa juu, pale pale miguu inapokanyaga. Magurudumu yalikuwa magumu. Yakikutana na kokoto, ubao unasimama na mtoto anaendelea na safari peke yake. Mapema miaka ya 1970 Frank Nasworthy alianza kuuza magurudumu ya poliyurethani, laini na yenye kushika lami, na mchezo uliokuwa umekufa ukafufuka. Wachezaji wakaanza kujaribu mambo ya hatari zaidi, wakahitaji miguu isiteleze, ndipo upande wa juu ukabandikwa karatasi ya msasa mweusi. Rangi zikakosa mahali pa kukaa. Zikahamia chini, kwenye tumbo la ubao.

Tumbo hilo lilihitaji kuonekana, na lililolionyesha ni ukame. Mwaka 1976 na 1977 California ilikosa mvua, na mabwawa ya kuogelea majumbani yakabaki matupu. Vijana wa Santa Monica na Venice waliruka nyua za watu wakaingia humo na mbao zao, wakapanda kuta zilizopinda hadi ukingoni. Ubao ukifika juu, tumbo lake linamtazama kila aliyekaa pembeni. Mmoja wa vijana hao, Wes Humpston, alikuwa akijitengenezea mbao na kuzichora kwa mkono, mmoja mmoja: misalaba, mabawa, mistari iliyosokotana. Marafiki wakazitaka. Mwaka 1976 yeye na Jim Muir wakaanzisha Dogtown Skates, na kuanzia hapo ubao usio na mchoro ulionekana haujakamilika.

Kijana mwingine wa eneo hilo hilo, Stacy Peralta, aliungana na mhandisi George Powell mwaka 1978 kuanzisha Powell Peralta. Mchoraji wao alikuwa Vernon Courtlandt Johnson, fundi wa mafuvu na mifupa, mwenye mstari safi usiotetemeka. Kiunzi chake cha mifupa kinachopasua na kuchungulia nje, kilichotoka mwaka 1983, kinachorwa na watoto kwenye madaftari hadi leo. Wakati huo jarida la Thrasher, lililoanzishwa San Francisco mwaka 1981, lilikuwa likisambaza picha zilizopigwa kutoka chini ya kuta, mpiga picha amechutama na ubao uko hewani. Kwa hiyo kila picha nzuri ya mchezaji ilikuwa pia maonyesho ya kazi ya mchoraji. Kijana aliye mbali na bahari alichagua ubao kwa mchoro, jinsi abiria wa Nairobi anavyoiacha matatu ya kwanza akasubiri ile yenye picha anazozipenda.

Kwangu mimi, hata hivyo, bingwa ni Phillips. Alizaliwa mwaka 1944, na mwaka 1962, angali kijana, jarida la watelezaji wa mawimbi lilichapisha katuni yake baada ya kushinda shindano. Aliishi kwa kuuza michoro yake kabla ya kuwa mkurugenzi wa sanaa wa NHS, kampuni mama ya mbao za Santa Cruz. Alielewa jambo ambalo wachoraji wa karatasi hawalazimiki kulielewa: ubao ni umbo gumu. Ni mrefu na mwembamba, umejikunja, na una matundu manane ya skrubu, manne kila upande, ambako ekseli za chuma zitafungwa na kufunika chochote kilichochorwa hapo. Ukiweka uso wa mtu mahali pa ekseli, umeupoteza. Nafasi iliyo wazi zaidi ni katikati, kati ya ekseli mbili, na hapo ndipo mchezaji anapoburuza ubao juu ya ukingo wa zege au bomba la chuma. Sehemu bora ya mchoro ndiyo inayokwaruzwa kwanza. Kila mchoraji wa mbao alijua hivyo, na bado alikesha akinyoosha mistari.

Kazi yenyewe ilikuwa ya taabu. Mbao za enzi hizo zilichapwa kwa skrini: kitambaa chembamba kinatandazwa kwenye fremu, wino unasukumwa kwa ubapa wa mpira upite pale tu palipoachwa wazi. Kila rangi ina skrini yake, kwa hiyo mchoro wa rangi sita ni michoro sita iliyokatwa kwa mkono, na yote lazima ikutane barabara juu ya ubao uliopinda. Ikihama kidogo tu, jicho la jini linatokea shavuni.

Ndani ya mipaka hiyo Phillips alimchorea mchezaji Rob Roskopp mfululizo wa mbao ambao sijaona wa kufanana nao. Ubao wa kwanza ulikuwa na shabaha ya mviringo, na mkono wa zimwi umeitoboa. Uliofuata, zimwi limejitokeza zaidi. Toleo baada ya toleo likazidi kutoka, shabaha ikizidi kubomoka, hadi likawa nje mwili mzima. Watoto walisubiri ubao mpya wakitaka kujua zimwi limefika wapi. Hadithi ilisimuliwa kwa miaka, kwenye bidhaa iliyokuwa ikivunjika baada ya miezi michache.

Miaka ya 1990 ilivuruga kila kitu. Mchezo ulihamia barabarani, mbao zikawa nyembamba, na kampuni ndogo za wachezaji wenyewe, World Industries ya Steve Rocco ikiwa mbele, zikazipiku zile kubwa. Wachoraji wake, Marc McKee na Sean Cliver, walitoa michoro ya kejeli na matusi ambayo mingine bado inaumiza kuitazama. Sitaitetea yote.

Kisha teknolojia ikafungua mlango. Kufikia miaka ya 2000 skrini ilianza kuachwa. Mchoro ukachapwa kwenye filamu na kuhamishiwa ubaoni kwa joto. Rangi ya wino ilipoteza uzito wake, hilo ni kweli, na mafundi wa skrini walilia. Lakini mchoraji sasa aliweza kukaa popote na kutuma faili. Don Pendleton, mtu wa West Virginia aliyechora miaka mingi kwa kampuni ya Alien Workshop ya Ohio, aliendelea kama mchoraji wa kujitegemea, na mwaka 2015 akapata tuzo ya Grammy kwa jalada la albamu ya bendi ya Pearl Jam. Mbao ndizo zilizomfunza mkono ule.



Fedha nazo zimefika, ingawa si kwa kila mtu. Januari 2019 nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza mbao 248 za chapa ya Supreme, baadhi zikiwa na kazi za wasanii Damien Hirst na Takashi Murakami, kwa dola 800,000. Huko ndiko thamani ilikokwenda, kwa mbao za kutundika ukutani. Wale waliochorea watoto walikuwa na mkataba mwingine: kwa kawaida mchezaji hupata fungu kwa kila ubao unaouzwa, mchoraji hulipwa mara moja. Jina la mchezaji huandikwa kwa herufi kubwa. La mchoraji, likiwepo, hujibana pembeni na kuondoka na vumbi la zege siku ya kwanza.

Kampuni zinaweza kulirekebisha hili bila gharama. Chini ya ekseli, katikati ya yale matundu manne, pana nafasi ya kutosha jina na mwaka, na hapo zege haifiki.