Mafundi wa Laini wa Mara

Kwa familia ya fundi wa laini za umeme pale Musoma, mkoani Mara, mvua ya usiku haikuwa ya kulalia. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi kwa wingi, na ngurumo za ziwani hukolea usiku. Radi ikipiga waya, mtaa mzima unazama gizani, na muda si mrefu gari la dharura linasimama nje. Enzi zile hakukuwa na simu za mkononi. Dereva alibisha dirishani, baba akavaa buti zake kimya kimya, mama akabaki macho. Watoto walijua kazi imekwisha waliposikia majirani wakipiga kelele: umeme umerudi! Majirani walishangilia taa. Watoto wa fundi walishangilia kwamba baba yu hai.

Historia ya umeme wa Tanzania imezoea kuandikwa kwa majina ya mabwawa na megawati. Inaanzia Dar es Salaam mwaka 1908, Wajerumani walipowasha mitambo kwa ajili ya karakana za reli. Inapita mwaka 1931, serikali ya Kiingereza ilipowaachia huduma hiyo watu binafsi na kampuni mbili zikaanzishwa, TANESCO na DARESCO. Kisha mabwawa ya Hale, Nyumba ya Mungu na Kidatu. Mara haimo katika kurasa hizo za mwanzo. Mkoa ulikuwa mbali, na waliohitaji nguvu za mitambo walijitengenezea wenyewe: migodi ya dhahabu ya Kiabakari na Buhemba, vinu vya kuchambua pamba, hospitali za misheni.

Mji wa Musoma ulipopata umeme wa TANESCO, ulikuwa umeme wa dizeli. Mitambo ilinguruma mjini humo humo, na nyaya zake hazikwenda mbali. Fundi wa laini wa wakati huo alikuwa mtu wa mji mdogo: alizijua nguzo zake kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake, ipi imeliwa na mchwa, ipi imelalia upande, ipi jirani yake ana mwembe unaogusa waya. Dizeli ilipochelewa kufika, giza lilikuwa la wote, na lawama pia zilikuwa za mtu mmoja aliyeonekana barabarani na mkanda kiunoni.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1980. Kidatu, iliyoanza kuzalisha mwaka 1975, ilikuwa imeunganishwa na gridi iliyopanda kaskazini kupitia Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza kwa msongo wa kilovolti 220. Kutoka Mwanza laini ya kilovolti 132 ilifuata upande wa mashariki mwa ziwa, ikapita Bunda, ikaishia Musoma. Tangu hapo taa ya Musoma iliweza kuwaka kwa maji yaliyoanguka mamia ya kilomita kutoka hapo. Kwa mafundi, maana yake ilikuwa eneo la kazi lililotanuka kuliko miguu yao. Laini ndogo za kilovolti 33 zilianza kutambaa kwenda vijijini, na kila moja ilihitaji watu wa kuchimba, kusimamisha, kuvuta na kulinda.

Ukitaka kuelewa kazi ile, anza na shimo. Nguzo ya mita 10 inadai shimo linalokaribia mita mbili. Kule Bunda, kwenye mbuga zinazoelekea Serengeti, udongo ni mweusi wa kunata: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika unakuwa uji. Nguzo iliyosimamishwa wima mwezi wa nane inaweza kukutwa imeinama mwezi wa nne, na waya wa kuivuta nyuma umelegea. Musoma na Butiama tatizo ni kinyume chake. Huko ni nchi ya majabali, na mwenye mtalimbo anaweza kushinda kutwa akigonga mwamba kwa ajili ya shimo moja tu. Nguzo zenyewe zilitoka mbali, mikaratusi ya nyanda za juu kusini, hasa Mufindi, iliyopikwa kwa dawa ya kuzuia mchwa. Harufu ya dawa ile iliingia kwenye ovaroli na kwenye mikono, ikaingia na nyumbani.

Kisha kupanda. Kabla ya magari yenye ndoo ya kuinulia watu, fundi alifunga vyuma vya kupandia kwenye buti, akazungusha mkanda nguzoni, akapanda hatua kwa hatua akiusogeza mkanda mbele yake. Huko juu kuna vikombe vinavyobeba waya, na pembeni ya transfoma kuna fyuzi ambazo zikikatika mirija yake hudondoka na kuning'inia, hata aliye chini anaiona. Fundi mzoefu alisimama chini kwanza, akatazama, akasikiliza. Alikuwa na fimbo ndefu isiyopitisha umeme ya kurudishia fyuzi. Kama kazi ilitaka mkono ushike waya, utaratibu haukuwa na mkato: kata umeme, funga swichi ili mtu mwingine asiiwashe, pima, fungia waya ardhini, ndipo uguse. Wenye haraka hawakuzeeka katika kazi hii.

Hata aliyefuata utaratibu alikuwa na adui asiyemwona. Miaka ya ukame mabwawa yalipokauka, mwaka 2006 na tena 2011, mgao ulikuwa mkali nchi nzima na wenye maduka na hoteli wakanunua jenereta. Jenereta iliyounganishwa vibaya, bila swichi ya kutenganisha nyumba na laini, hurudisha umeme barabarani. Ukifika kwenye transfoma, transfoma haiulizi unatoka wapi: inaupandisha kutoka volti 230 za nyumbani hadi maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini laini imekatwa, anaweza kuuawa na kinyozi aliyewasha jenereta yake mtaa wa pili. Ndiyo sababu kufungia waya ardhini si jambo la kufanya ukipata nafasi, na ndiyo sababu vishoka, wale wanaowaunganishia watu umeme kwa njia za panya, ni hatari kwa wengine kuliko kwa nafsi zao.

Hatari hii haina taifa. Marekani, mafundi wa laini waliunda chama chao mwaka 1891 huko St. Louis kwa sababu wenzao walikuwa wakifa ovyo. Rais wao wa kwanza, Henry Miller, alipigwa umeme kazini Washington mwaka 1896, akaanguka kutoka juu, akafa. Hapa nchini wafanyakazi wa TANESCO wamekuwa na chama chao cha wafanyakazi, TUICO, na tangu 2003 ipo sheria ya usalama na afya mahali pa kazi. Lakini glavu, kofia na vifaa vya kupimia havikutosha sikuzote, na wazee wengi wa kazi hii wana makovu ya kuonyesha.

Halafu ikaja REA. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi 2007, na katika awamu zilizofuata ada ya kuunganishwa kijijini ilishuka hadi shilingi 27,000. Mmoja wa mawaziri waliousukuma mpango huo, Profesa Sospeter Muhongo, ni mwana wa Musoma Vijijini. Nguzo zikaingia Butiama ndanindani na vijiji vya Bunda ambako tembo wa Serengeti huvuka usiku kuingia mashambani. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Bwawa kubwa kuliko yote nchini, la megawati 2,115 katika mto Rufiji, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, limepewa jina la Julius Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Ni heshima inayostahili. Lakini kati ya Rufiji na balbu ya mama muuza samaki wa Musoma kuna maelfu ya nguzo, na kila nguzo ilipandwa na mtu.

Watu hao wanaondoka. Waliovuta nyaya za kwanza za gridi mkoani Mara wakiwa vijana wa miaka ishirini na kitu sasa ni wastaafu, na wengine wamekwisha kuzikwa. Hakuna jengo linalohifadhi mikanda yao, na watoto wao wanasimulia misibani tu, siku ambayo mwenyewe hawezi tena kusahihisha. Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere tangu 1999, na kona moja ya watu waliozifikisha taa mkoani isingepunguza heshima ya Mwalimu hata kidogo. TANESCO nayo ina majalada ya watumishi wake wa zamani, na inaweza kuanza kazi hiyo bila kusubiri mtu.

Kwako msomaji, kama mzee wa namna hii yumo nyumbani mwenu, Bunda, Nyasho au Kiabakari, mkalishe uwashe simu imrekodi. Muulize alijenga laini ipi na mwaka gani, alikuwa na nani, nani alianguka na kwa sababu gani. Omba picha zake za kazini, andika majina nyuma ya kila picha wakati bado anayakumbuka, na nakala zipeleke kwenye maktaba au makumbusho. Fanya hivyo mwaka huu.